Bunduki ya Kwanza: Gobore na Bunduki ya Dukani

Bunduki ya kwanza ya mkulima wa Masasi au Newala kwa kawaida hununuliwa kwa sababu ya nguruwe pori. Mahindi yakishabeba na muhogo ukianza kunenepa ardhini, nguruwe huingia shambani usiku kwa makundi, na kaya inaweza kupoteza kwa usiku mmoja chakula cha wiki nyingi. Mchana ni zamu ya nyani na ngedere. Mashamba yaliyo upande wa bonde la Ruvuma, na yale yaliyo jirani na mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi, hutembelewa pia na tembo. Wenye shamba hukesha kwenye dungu, wakipiga madebe na kuchochea moto hadi alfajiri, mpaka mavuno yaingie ghalani. Katika hali hiyo ndipo wazo la bunduki huzaliwa, na mara nyingi huzaliwa msimu wa korosho, minada ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU inapofanyika na malipo kuwafikia wakulima kupitia vyama vyao vya msingi (AMCOS).

Anayefikia hapo hukuta njia mbili. Moja ni gobore, bunduki ya kushindilia kupitia mdomo wa mtutu, ambayo bei yake ni ndogo na ambayo fundi wa kijijini huweza kuikarabati. Nyingine ni bunduki ya dukani inayotumia risasi za kiwandani, na kwa mkulima hiyo huwa ni shotigani ya mtutu mmoja au miwili. Hesabu ya haraka huipendelea gobore. Hesabu ndefu, inayoingiza baruti, risasi, kibali, ukarabati na usalama wa macho na vidole vya mpigaji, hutoa jibu jingine. Lakini katika nchi hii ya kusini tofauti kati ya bunduki rahisi na bunduki bora haijawahi kuwa ubora wa chuma peke yake. Siku zote imehusu pia nani anaruhusiwa kuishika na nani anailisha.

Bunduki zilipanda Umakondeni kutoka pwani, kwa njia zile zile zilizopandisha nguo na shanga na kuteremsha pembe, watumwa na mpira. Mpira wa mwituni ulikuwa bidhaa kubwa ya eneo hili katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na ulitoka kupitia Lindi na Mikindani. Misafara iliyorudi ilibeba mapipa madogo ya baruti na bunduki zilizofungwa kwa mafungu, na ilipokaribia mji ilitangaza kufika kwake kwa kufyatua hewani, jambo lililokuwa ufahari na pia tangazo la biashara.

Chanzo cha unafuu wa bei ya bunduki hizo kilikuwa Ulaya. Prussia ilianza kuwapa askari wake bunduki ya kujazia nyuma katika miaka ya 1840. Uingereza na Ufaransa zilifuata mwaka 1866, na bunduki za zamani za kushindilia zikabaki maghalani bila kazi kwa mamia ya maelfu. Wafanyabiashara walizinunua karibu kwa bei ya chuma chakavu. Mafundi wa Birmingham nchini Uingereza na Liège nchini Ubelgiji walizirekebisha, au waliunda mpya za bei ya chini mahususi kwa soko la Afrika. Mwaka 1888 ofisi ya ubalozi wa Uingereza Zanzibar ilikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Ni biashara iliyofanywa na Wazungu, Wahindi na Waarabu bila haya kubwa, na baadaye wengi wao waliilalamikia.

Mnunuzi wa wakati huo hakununua kwa kubahatisha tu. Ndani ya aina moja ya bunduki ya kushindilia kulikuwa na daraja nyingi. Bunduki iliyowahi kuwa ya jeshi ilikuwa nzito, mtutu wake mnene, na vipande vyake vililingana kiasi kwamba kimoja kikivunjika, kingine cha bunduki ya aina ile ile kilifaa. Bunduki iliyoundwa kwa ajili ya biashara ilikuwa nyepesi, ndefu na ya kupendeza macho, lakini mtutu wake ulikuwa mwembamba na maungio ya chuma hayakuaminika. Ulaya yenyewe ilikuwa na namna ya kutenganisha hizo mbili. Liège ilikuwa na utaratibu wa kupima mitutu tangu 1672, na Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813. Kila mtutu ulifyatuliwa ukiwa na baruti nyingi kuliko ambayo mtumiaji angeweka, na uliosalimika uligongwa muhuri mdogo upande wa nyuma. Sheria ya Uingereza iliweka adhabu kwa walioghushi mihuri hiyo, dalili kwamba walikuwepo. Hadi leo muhuri wa majaribio ndio jambo la kwanza la kuangalia kwenye bunduki yoyote ya zamani, na ndio jambo ambalo gobore ya kuundwa kijijini haina.

Kulikuwa na uchaguzi mwingine uliohusu namna ya kuwasha baruti. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe likigonga chuma. Ya fataki iliwashwa kwa kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya mlipuko. Fataki ilikuwa bora kwa kila kipimo cha ufundi, kwa kuwa ililipuka haraka na haikushindwa kirahisi na unyevu wa masika. Lakini fataki ilitoka kiwandani, na kiwanda kilikuwa ng'ambo ya bahari. Aliyeishi mbali na pwani aliweza kujikuta na bunduki nzuri isiyofanya kazi kwa sababu fataki zimekwisha na msafara haujarudi, hali jirani yake mwenye gumegume aliokota jiwe akaendelea. Mnunuzi wa bara aliyeikataa bunduki ya kisasa hakuwa mshamba. Alijua kwamba ubora wa silaha hupimwa pamoja na umbali wa kinachoilisha.

Nchi yenyewe iliunga mkono uamuzi huo. Masasi iko chini, katikati ya majabali ya mawe yanayoonekana kutoka mbali, lakini Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma kama inavyoonekana kwenye Shimo la Mungu. Juu ya uwanda maji ya mito hayapo na zamani vichaka vilikuwa vizito kiasi cha kuficha kijiji kizima. Wamakonde walijificha humo dhidi ya wateka watumwa na dhidi ya mashambulizi ya Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara. Mwaka 1882 Magwangwara waliivamia Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa imewaweka watu waliokombolewa utumwani tangu 1876, na wamisionari chini ya Chauncy Maples wakahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao.

Ndani ya vichaka vya namna hiyo macho hayafiki mbali, na bunduki inayopiga mita mia nne haina faida juu ya ile inayopiga mita hamsini. Machemba, mkuu mwingine wa Wayao aliyekuwa Luagala, alitumia ukweli huo. Mwaka 1890 alimwandikia kwa Kiswahili kamishna wa Kijerumani Hermann von Wissmann akikataa kwenda kunyenyekea, na kwa miaka karibu kumi watu wake waliweza kusumbua vikosi vilivyokuwa na silaha bora kwa mbali. Mwaka 1899 tu ndipo alipolazimika kuvuka Ruvuma na kuingia upande wa Wareno.

Mwaka ule ule wa barua ya Machemba ndipo tofauti kati ya gobore na bunduki bora ilipogeuka kuwa sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels, Zanzibar ikiwa mojawapo, yalitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha silaha kilichohusu Afrika yote kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu, pamoja na risasi zake, zilipigwa marufuku kuingizwa isipokuwa kwa vibali maalumu. Zilizoachwa ziuzwe kwa wenyeji, chini ya masharti, ni za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara. Hoja iliyotolewa ilikuwa kuwanyima silaha wateka watumwa, na hoja hiyo haikuwa ya uongo. Lakini matokeo yake ya kudumu yalikuwa kwamba Mwafrika aliwekewa kiwango cha teknolojia ambacho Ulaya ilikuwa imekiacha miongo kadhaa kabla, naye askari wa dola aliyetumwa kumtoza kodi alibaki na silaha ya kisasa. Gobore ilidumu kusini mwa Tanzania kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu watu waliipenda.

Vita vya Majimaji vilionyesha matokeo kwa ukatili. Mwezi Agosti 1905 vuguvugu lilifika Masasi na misheni ikachomwa moto. Wapiganaji wengi walibeba mikuki, mishale na magobore, na walioamini kwamba maji ya dawa yangewakinga na risasi walikwenda kukutana na bunduki za Maxim. Baada ya kushindwa, waliojisalimisha walitakiwa kukabidhi silaha zao, na magobore mengi yaliyonunuliwa kwa mpira na pembe yaliishia kuharibiwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta mfano wa aina nyingine, safari hii kwa waliokuwa na bunduki za kiwandani. Vita vilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki walikuwa bado na bunduki ya mtindo wa 1871, iliyotumia baruti nyeusi na kutoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Meli ya Rubens iliyotumwa kuwaletea silaha ilifika ghuba ya Manza karibu na Tanga Aprili 1915 ikaishia majini, na risasi zilizoopolewa zilibidi zifunguliwe na kukaushwa. Mwezi Machi 1916 meli nyingine, Marie, iliingia ghuba ya Sudi kusini mwa Lindi, na shehena yake ikabebwa bara kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Hata hivyo Novemba 1917, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo la Kijerumani, alipokuwa akirudi nyuma kupitia uwanda wa Makonde, upungufu wa risasi na chakula ulimlazimu kuwaacha wagonjwa na majeruhi Nambindinga na kuendelea na kikosi kidogo. Alipita Newala, akavuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba akaiteka ngome ya Wareno Negomano. Huko askari wake wengi waliacha bunduki zao na kuchukua za Wareno. Bunduki za Wareno hazikuchaguliwa kwa ufundi wake. Zilichaguliwa kwa sababu risasi zake zilikuwa pale pale, kwenye masanduku.

Chini ya utawala wa Kiingereza utaratibu wa daraja mbili uliendelea kwa leseni. Gobore ndiyo iliyokuwa bunduki ya kawaida ya mwanakijiji aliyepata kibali, na bunduki yenye mifuo ilihitaji ruhusa ambayo wachache waliipata. Idara ya wanyamapori ilichukua jukumu la kuwaua tembo waharibifu kwa kutumia askari wake wenye bunduki nzito. Mmoja wa maofisa wake waliojulikana sana kusini alikuwa C. J. P. Ionides, aliyeingia idara hiyo mwaka 1933, akafanya kazi Liwale, kisha baada ya kustaafu akaishi Newala akikamata nyoka. Mgawanyo huo wa kazi ulikuwa na maana yake: mwanakijiji afukuze nguruwe na nyani kwa gobore, serikali ishughulike na tembo. Ulifanya kazi pale askari walipofika kwa wakati, na vijiji vingi vya mbali na barabara vilingoja.

Hatari inayotokana na nguruwe haiishii kwenye muhogo. Utafiti wa Craig Packer na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulihesabu watu 563 waliouawa na simba nchini Tanzania kati ya Januari 1990 na Septemba 2004, na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Maelezo yao yalikuwa wazi: palipo na wanyama wachache wa kuwindwa na nguruwe pori wengi, simba huwafuata nguruwe hadi mashambani, na huko huwakuta watu waliolala kwenye vibanda vyepesi wakilinda mazao. Mkulima anayetaka kupunguza nguruwe shambani mwake, kwa bunduki, kwa mtaro au kwa uzio, analinda zaidi ya chakula.

Je, gobore inaiweza kazi hiyo? Kwa sehemu. Mlio wake ni mkubwa, na kwa nyani na nguruwe mlio ni nusu ya kazi. Lakini kama chombo cha kuua ina udhaifu ambao ustadi wa mpigaji haufuti. Mtutu wake hauna mifuo, hivyo risasi haiendi sawa, na zaidi ya hatua chache mpigaji hana uhakika na anachopiga. Ikishafyatuliwa, kuijaza tena huchukua muda ambao nguruwe aliyejeruhiwa hamngojei mtu. Unyevu wa masika, yaani majira yale yale mazao yanapohitaji ulinzi, huifanya baruti ishindwe kuwaka, au iwake kwa kuchelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakoumiza zaidi, kwa sababu mpigaji huishusha bunduki kutazama kuna nini ndipo inapolipuka.

Mbaya kuliko yote ni mtutu kupasuka. Gobore ya zamani ya Ulaya yenye muhuri ilijaribiwa walau mara moja. Gobore iliyoundwa kienyeji mtutu wake mara nyingi ni bomba ambalo halikukusudiwa kuhimili mlipuko wowote, na hakuna aliyelipima kabla ya siku ya kwanza ya kulifyatua. Kila kipimo cha baruti kilichozidishwa, kila kipande cha nondo kilichotumika badala ya risasi ya duara, kila tope lililoingia mdomoni bila kuonekana, huongeza mgandamizo ndani yake. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, inayotolewa kwenye risasi za kiwandani, haifai kabisa kwenye gobore ya aina yoyote, kwa kuwa nguvu yake ni ya namna nyingine na huupasua hata mtutu mnene. Mkono wa kushoto unaoshikilia mtutu ndio huumia kwanza, kisha macho. Kama kuna mahali pamoja ambapo bei ndogo haina utetezi, ni mtutu.

Bunduki ya dukani inayofaa kwa shamba ni shotigani ya namba 12. Risasi yake ni kifuko chenye kila kitu ndani yake, yaani fataki, baruti na marisau, na kikishafyatuliwa hutolewa na kingine kuingia kwa sekunde chache. Marisau madogo hutosha kwa ngedere na ndege. Kwa nguruwe hutumika makubwa ya aina ya SG, ambayo yana nguvu ya kutosha mpaka mita thelathini hivi. Zaidi ya hapo hutawanyika na kujeruhi tu. Si silaha ya tembo, na mkulima anayeitumia kwa tembo hujitafutia kifo.

Hata dukani kuna rahisi na bora, na hapa ushauri wa kawaida kwamba ghali ni salama hauko sahihi. Shotigani ya mtutu mmoja inayovunjwa katikati, kama zile zilizotengenezwa kwa miaka mingi huko Izhevsk nchini Urusi na kuuzwa kwa jina la Baikal, ni ya bei ya chini na haina urembo wowote. Ina vipande vichache, hustahimili vumbi na jasho, na mtu anaweza kuona kwa macho kama ina risasi au haina. Kwa mnunuzi wa kwanza ni vigumu kupata inayofaa zaidi. Shotigani zinazojijaza zenyewe, nyingi zikitoka Uturuki, zinaonekana za kisasa na bei zake zimeshuka, lakini ubora wake hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda, na zina springi na vipande vidogo ambavyo mtu wa Newala hatavipata karibu vikivunjika. Kasi yake haimsaidii mkulima: nguruwe wakisikia mlio wa kwanza hawangojei wa nne.

Bunduki za zamani za Kiingereza zenye mitutu miwili ni suala la pekee. Nyingi ziliachwa na walowezi na maofisa, na zikitunzwa huwa kazi ya mikono isiyopatikana tena kwa bei ya kawaida. Hata hivyo nyingi zilitengenezwa kwa risasi zenye urefu wa milimita 65, na risasi za sasa kwa kawaida ni za milimita 70. Ndefu huingia bila shida, ila kifuko kikifunguka kwa kufyatuliwa hukosa nafasi na mgandamizo hupanda. Nyingine za karne ya 19 zina mitutu iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma na kutoa mapambo kama ya maji yanayotiririka. Hizo zilikusudiwa baruti nyeusi pekee. Mtu anayeuziwa bunduki nzuri ya babu wa mtu mwingine anahitaji fundi aliyesajiliwa asome mihuri yake kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Ukaguzi wa bunduki iliyotumika hauhitaji vifaa vingi. Baada ya kuhakikisha haina kitu, mtutu hutazamwa kwa kuuelekeza kwenye mwanga: kuta za ndani ziwe laini, bila mashimo ya kutu na bila kivuli cha mviringo kinachoashiria uvimbe. Ikiwa imefungwa, mtutu usicheze kwenye maungio. Bunduki inayocheza imechoka au imefyatuliwa risasi zenye nguvu kuliko zake. Kitako kiangaliwe mipasuko pale kinapoungana na chuma. Mwisho, namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye karatasi. Namba iliyofutwa kwa tupa inatosha kulimaliza suala hilo papo hapo, hata bei iwe ya kutamanisha namna gani, kwa kuwa anayeinunua ananunua na kesi.

Karatasi hiyo ndiyo gharama ambayo wengi huisahau. Tanzania inasimamia silaha za raia kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Gobore haina msamaha wowote. Ni silaha, na anayeimiliki bila leseni yuko kwenye kosa lile lile la mwenye bunduki ya kiwandani. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, ambako watu humjua mwombaji na tabia yake, hupitia kata na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha kwa polisi. Mwombaji hueleza sababu ya kuhitaji silaha na mahali salama pa kuihifadhi. Leseni hulipiwa na kuhuishwa. Kuwinda ni jambo jingine kabisa: leseni ya silaha haimpi mtu kibali cha kuua mnyama, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ina taratibu zake, zikiwemo za wanyama waharibifu ambao taarifa zao hupelekwa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Historia ya karibuni inaeleza kwa nini karatasi ina uzito huku. Kuanzia Septemba 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipiganwa ng'ambo ya Ruvuma, harakati ya ukombozi ya FRELIMO ikiwa na kambi kubwa ya mafunzo Nachingwea, upande huu wa mto, na baada ya uhuru nchi hiyo ikaingia kwenye vita vya ndani vilivyoisha 1992. Silaha za kivita zilizobaki hazikuheshimu mto. Upande wa kaskazini, ujangili ulikula tembo: sensa ya mwaka 2013 ilikuta takribani 13,000 tu katika mfumo wa ikolojia wa Selous, mahali ambapo miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 100,000. Operesheni Uhai ya 1989 na Operesheni Tokomeza ya 2013 zilipita vijijini zikisaka silaha, na ile ya pili ilisitishwa baada ya malalamiko ya mateso ambayo yaliwaondoa mawaziri wanne madarakani. Mwaka 2016 wamiliki wote wa silaha walitakiwa kuzihakiki polisi, na baadaye serikali imetangaza vipindi vya kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa. Katika mazingira hayo, gobore ya bei chee isiyo na leseni humweka mkulima wa muhogo kwenye kundi moja na jangili.

Gharama zote zikijumlishwa, yaani leseni, kasha la chuma la kuhifadhia, risasi za kila msimu na nauli za kwenda na kurudi wilayani, bei ya bunduki yenyewe hugeuka kuwa sehemu ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na tofauti kati ya gobore na shotigani ya mtutu mmoja hupungua sana. Kwa shamba la ekari chache hesabu hiyo mara nyingi huonyesha kwamba hakuna bunduki inayolipa. Wakulima wanaopakana mashamba wakilima kwa kuambatana, wakichimba mtaro upande wa pori na kupeana zamu za dungu, hupunguza hasara bila mtu mmoja kubeba gharama zote. Kwa tembo, uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu umetumika sehemu mbalimbali za Tanzania.

Bunduki ikishapatikana huishi kuliko mnunuzi wake, na hapo mila na sheria hugongana. Kati ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mali ya mwanamume ya aina hii mara nyingi ilitarajiwa kwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, wakati watoto wa kumzaa walioishi nayo nyumbani huiona ni yao. Sheria haimtambui yeyote kati yao. Leseni hufa na mwenyewe; silaha hupelekwa kituo cha polisi, na anayeitaka, awe mpwa au mwana, huanza maombi upya kwa jina lake kuanzia serikali ya kijiji. Familia nyingi hukawia kufanya hivyo kwa heshima ya msiba, bunduki ikabaki juu ya dari miaka na miaka, na risasi zake zikiota kutu ya kijani kwenye shaba. Risasi za namna hiyo hazifai kujaribiwa. Hukabidhiwa polisi pamoja na bunduki.